Gari la Baba na Mafuta ya Mama

Shefu wa mtaa alikuja na kipande cha chaki, Alhamisi asubuhi, mama akiwa anapepea mbabula yake, jiko la makaa, mlangoni. Hakupiga hodi. Alipita kando ya nyumba moja kwa moja hadi kwenye banda la mabati, akausukuma mlango, akachora msalaba mweupe juu ya boneti ya gari la baba. Ndipo akarudi mbele kutuamkia, kama mtu anayefika sasa hivi.

"Yambo, Mama."

"Yambo, Shefu. Umemaliza kusalimia motokari, sasa unasalimia bantu?"

Nilikuwa ndani nikipiga pasi gauni langu la kufundishia. Niliisimamisha pasi nikatoka. Mama alikuwa na ulimi, na miaka ile ulimi ulikuwa ukiwaponza watu.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo kwa miaka miwili. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville kwenye mihuri, na sisi ambao wazazi wetu walitoka Kasai tulikuwa tumeambiwa mara nyingi turudi kwetu. Wengi walirudi, au walirudishwa. Kamalondo, mtaa wetu, ilikuwa na nyumba ambazo asubuhi moja unakuta mlango una msalaba wa chaki, na baada ya wiki kuna mapazia mapya dirishani, ya watu usiowajua.

"Mwenye motokari eko wapi?" shefu aliuliza.

"Eko ku Kasai. Alienda kuzika kaka yake."

"Kuzika mwaka muzima na nusu? Ule kaka alikuwa murefu namna gani?"

Mama hakucheka. Ilikuwa kweli kwamba baba alipanda treni kwenda mazishi, na njia ikafungwa nyuma yake. Tangu hapo tulipata barua mbili tu.

"Mama, miye siko mubaya," shefu akasema. "Amri njo ile. Motokari yenye mwenyewe alienda, na yenye haitembee, ni kitu cha kuachwa. Kamyo itakuya kuivuta lundi asubuhi." Lori, Jumatatu: siku nne tu.

"Na nyumba?"

Shefu aliangalia paa letu, akaangalia miti miwili ya mapapai, akaangalia viatu vyake. "Nyumba, tutaona nyuma."

Hapo ndipo nilipoelewa, na mama alikuwa ameelewa kabla yangu. Gari lilikuwa mlango tu. Wakishaandika kwamba mwenye gari ameondoka, wameandika pia kwamba mwenye nyumba ameondoka, na sisi wawili tuliobaki ndani tungekuwa vitu vilivyosahaulika.

"Na ikitembea?" mama aliuliza.

"Nini?"

"Motokari. Ikitembea lundi, na miye niko ndani?"

Shefu alicheka mpaka akashika kiuno. "Ikitembea, Mama, nitafuta ile chaki na mukono yangu."

Alipoondoka nilichukua kitambaa niende kufuta. Mama alinishika nguo. "Acha. Aliandika yeye, atafuta yeye."

Sasa nikueleze gari lenyewe, maana bila kulijua hutaelewa kwa nini shefu alicheka. Lilikuwa la zamani hata siku baba alipolinunua kwa mzungu wa reli aliyekuwa akirudi kwao. Jeusi, pua ndefu, limelala chini kama paka anayenyemelea. Milango ya mbele ilifunguka kinyume, kutoka mbele kwenda nyuma. Gia ilitokea kwenye dashibodi kama mkono wa mwavuli, na nguvu ya injini ilikwenda kwenye magurudumu ya mbele, kwa hiyo gari lilijivuta badala ya kujisukuma. Baba, aliyekuwa karani na mtu wa kunyoosha kila kitu kwa rula, alilipenda kwa sababu hiyo hasa. Jumapili alinipeleka barabara ya Luano, ambako magari yalikuwa machache, akanifundisha kuliendesha. Watu waliona aibu kwa niaba yake. Yeye alisema tu, "Mikono inayojua cherehani inajua gia."

Wiki ile ya kwanza ya kujitenga, watu wenye bunduki walipoanza kuchukua magari barabarani, baba aliliingiza bandani. Aliliweka juu ya matofali, akavua magurudumu, tukayaficha chini ya vitanda. Kwa miaka miwili nililala juu ya matairi mawili na mama juu ya mawili mengine. Baba alikuwa na haraka siku ile. Alitoa plagi nne za injini nikimshikia taa, akanituma ndani na magurudumu, akamwita mama amalizie kuweka mafuta ndani ya silinda ili zisishike kutu. Kisha akakimbilia kazini. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Alhamisi hiyo hiyo jioni nilifungua banda wazi kabisa. Kuku wa jirani alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma, na buibui walikuwa wamefuma usukani wote. Ukiwahi kusimama mbele ya gari lililolala hivyo, moyo utakuambia mambo mengi ya kukukatisha tamaa. Usiusikilize. Anza na unachokijua. Mimi nilijua kufagia, kwa hiyo nilifagia.

Ijumaa baada ya darasa nilirudisha magurudumu. Tairi zilikuwa bapa lakini hazikupasuka, na pampu ya baiskeli, ukiwa na subira, hujaza tairi yoyote duniani. Tulipokezana, mama na mimi, yeye akihesabu kwa Kiluba na mimi kwa Kifaransa. Nilimwaga petroli ya zamani kutoka kwenye tangi. Ilikuwa imekuwa nyekundu nyekundu na kunuka kama rangi ya viatu. Kisha nikachukua manivele, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kwa mbele, nikauingiza kwenye tundu lake chini ya pua ya gari, nikavuta.

Hakikutikisika kitu. Nilining'inia kwa uzito wangu wote. Niliposimama, viganja vilikuwa vimechubuka, na nilikuwa karibu kulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imekwama."

"Kukwama si kufa. Kaite Mungwana."

Mungwana alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, na watu hao wote tuliwaita Bangwana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani za washonaji wote wa Kamalondo, pamoja na yangu. Gari hakuwahi kulitengeneza hata moja. Yeye na mama walitaniana tangu kabla sijazaliwa. Alivuka barabara na begi lake la ngozi na bisibisi zake ndogo, akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Mama wa Kasai, hii mashini yako iko na sindano wapi?"

"Iko na sindano ya kushona midomo ya Bangwana."

"Basi ni muzima." Akavua koti. "Mwalimu, umevuta na nguvu?"

"Na nguvu zote, Baba."

"Njo mubaya yako ile. Cherehani yenye imekwama, ukiivuta na nguvu, unavunja. Kwanza unaiuliza: nani anakushika?"

Tulitoa plagi ya kwanza. Mungwana aliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imefunikwa na kitu kizito cha rangi ya machungwa. Aliingiza waya mrefu kwenye tundu la silinda, akautoa umejaa kitu hicho hicho, kigumu kama siagi. Alinusa. Alinusa tena. Kisha akageuka polepole sana.

"Mama. Hii ni injini ao ni sufuria?"

Hapo tuligeuka sote kumwangalia mama, naye aliangalia ungo.

"Baba yake alisema niweke mafuta," alisema. "Alisema mafuta. Mu hii nyumba kuko mafuta gani?"

Alikuwa ameweka mafuta ya mawese. Chupa nzima, yale mazuri aliyoletewa na dada yake kwa treni, aliyokuwa akiyatunza kwa sikukuu. Kwake hapakuwa na mafuta bora zaidi ya kulinda kitu unachokithamini. Nyumba nyingi za watu wa kwetu zingefanya vilevile. Chuma cha jembe hupakwa mawese, kisu hupakwa mawese, hata mtoto mchanga hupakwa. Nani angefikiri injini itachukia?

Mungwana aliketi juu ya tofali na kucheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Mama aliingia ndani na kufunga mlango. Nilimfuata. Alikuwa amekaa kitandani, ungo magotini.

"Nimeua motokari ya baba yako," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Nilikaa karibu naye, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Mawese huganda kwenye baridi, na huu ulikuwa mwezi wa saba, asubuhi pumzi zinaonekana mdomoni. Kitu kilichoganda kwa baridi huyeyuka kwa moto. Na kuna jema moja: nilikuwa nimechungulia ndani ya silinda ile, pale waya ulipokwangua mawese, na chuma kilikuwa kiking'aa. Hakuna kutu hata kidogo. Miaka miwili.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Kisha akainuka, akapanga kitambaa chake cha kichwa. "Bon. Basi iko deni ya moto tu."

Lakini huwezi kuwasha moto chini ya gari. Mungwana ndiye aliyeuliza swali la maana, Jumamosi asubuhi, akiwa amejikunyata na glasi ya chai: "Hii injini, inakunywaka maji?" Nikamwambia ndiyo, maji hutoka kwenye rejeta yakazunguka silinda kwa nje, ndiyo yanayoipoza. Akaniangalia kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi. Nikaelewa. Maji yanayopoza yanaweza pia kupasha.

Kwa hiyo tulifanya hivi, na nakueleza kwa utaratibu kwa sababu ni njia nzuri. Chini ya injini kuna bomba dogo la kumwagia maji. Tulilifungua. Juu, kwenye mdomo wa rejeta, tulimimina maji, kwanza ya uvuguvugu ili chuma kisishtuke, kisha ya moto, kisha ya kuchemka. Yaliingia juu yakatoka chini. Yaliyotoka chini yalikuwa baridi. Tukamimina tena.

Mbabula moja haikutosha. Mama alisimama kwenye uzio akaita jirani wa kulia, naye akaleta yake ikiwa tayari inawaka. Wa kushoto akaleta sufuria. Mama mwenye baa ya kwenye kona alileta pipa dogo la kuoshea chupa, na mdomo wake.

"Tunapika nini?"

"Motokari," mama akasema.

"Itaiva saa ngapi?"

"Lundi asubuhi."

Kufikia adhuhuri lupango letu, ua wetu wote, kutoka mlango wa barabarani hadi bandani, lilikuwa safu ya mbabula, na wanawake waliokuja kuangalia walibaki kupepea. Hakuna aliyetaja shefu. Lakini kila mmoja wao alikuwa na mlango nyumbani kwake, na kila mmoja alijua chaki inauzwa rahisi. Mmoja wao hakuwa hata wa Kasai, kwao kulikuwa huku huku kusini, na mume wake alikuwa na kadi ya chama kilichotawala. Alipepea kwa nguvu kuliko wote. Nilipomwambia apumzike alisema, "Niache. Kwangu mu nyumba bwana njo anaamua, hapa miye njo napepea."

Saa tisa maji yaliyotoka chini yalikuwa yanaunguza kidole. Mungwana aliingiza waya wake. Ulitoka umelowa, na mawese yakidondoka mekundu, yakiwa mafuta tena. Tuliyavuta kwa vipande vya kanga vilivyosokotwa, tukaingiza mafuta ya taa, tukavuta tena. Harufu ilikuwa ya Jumapili, sombe, majani ya muhogo, ikiwa jikoni. Watoto wa mtaa mzima walipita wakiuliza kama chakula kiko tayari.

Ndipo Mungwana akashika manivele. Hakuvuta. Aliisogeza mbele kiasi cha unene wa ukucha, akarudisha. Mbele, akarudisha. Macho ameyafumba. Ndivyo anavyofanya na gurudumu la cherehani iliyojaa kutu, nilimwona mara mia. Mbele, akarudisha. Wanawake waliacha kupepea. Kisha manivele ikaenda robo ya duara, ikasimama, ikaenda nusu, na kutoka kwenye tundu moja la plagi kikaruka kidonge chekundu cha mawese kikampiga Mungwana kwenye kofia.

Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika hadi sokoni. Nadhani na kwa shefu pia.

Jumapili mama alikwenda misa kwa miguu, kama kawaida, akarudi akiwa amekunja uso. Mlangoni mwa kanisa mke wa shefu alimwuliza kama lundi atakwenda kwa gari au atakwenda ndani ya kamyo.

"Ukamujibu nini?"

"Nikamuambia alete mafungu yake ya nguo, nitamupeleka ku muto kufua."

Siku hiyo nilisafisha. Kabureta ilikuwa imeshika utando wa petroli ya zamani, nikaisafisha kwa unyoya wa kuku yule yule mtagaji. Zile ncha ndogo za kuwashia cheche nilizisugua kwa ubavu wa kiberiti. Mkanda unaozungusha feni ulikatika nilipougusa tu, na dukani hapakuwa na kitu. Mungwana aliangalia gurudumu la feni, akaangalia cherehani yangu, na mimi nikasema hapana, kisha nikasema ndiyo. Tulivua mkanda wa ngozi wa cherehani yangu, tukaukunja ncha, tukaubana kwa kipini chake cha waya. Ulikaa vizuri. Kuanzia hapo sikuwa na cherehani.

Breki ndizo zilizotushinda. Nilikanyaga pedali, ikaenda hadi chini kama unakanyaga mto wa manyoya. Mafuta ya breki yalikuwa yamekauka, na mipira yake imekufa. Breki ya mkono, hiyo huvutwa kwa waya, na waya ulikuwa mzima baada ya kupakwa grisi. Ilishika, lakini kwa kufikiri kwanza.

"Inatosha kusimama?" mama aliuliza.

"Inatosha kusimama mbele kidogo ya pale tunapotaka."

"Basi tutataka nyuma kidogo."

Betri ya gari ilikuwa imekufa zamani; nyingine tuliipata Jumatatu asubuhi. Baa ya kwenye kona iliendesha redio na sahani za muziki kwa betri ya gari. Mama mwenye baa aliibeba mwenyewe kifuani.

"Mupaka saa sita," alisema. "Saa sita baklianti ba pombe banakuya, na bila muziki banaanza kuongea politiki."

Nilitia petroli mpya, nikafungua swichi. Mungwana alisema jina la Mungu wake na mama la wake. Mungwana akazungusha manivele. Kimya. Alizungusha tena, ikakohoa. Mara ya tatu injini iliruka, ikashika, ikatetemesha mabati yote ya banda, na kutoka nyuma likatoka wingu la moshi mweupe mzito lenye harufu ya mawese yanayokaangwa. Sijawahi kunusa kitu kizuri kama hicho. Mama alikuwa amevaa kitambaa chake cha Pasaka. Alipanda nyuma, upande wa kulia, mahali baba alipokuwa akimketisha, akaweka mkoba magotini.

"Twende kwa shefu," alisema.

Ofisi ya shefu ilikuwa chumba cha kona, mitaa mitatu kutoka kwetu, na benchi nje. Kamyo yenye mnyororo ilikuwa imeshafika, dereva wake amekaa kwenye benchi akila mkate, pamoja na jandarme mmoja, askari wa Katanga, aliyeegemeza bunduki ukutani. Shefu alikuwa amesimama akiwaelekeza njia ya kwetu kwa kidole. Kile kidole kilibaki hewani.

Nilikuwa gia ya kwanza, polepole kama mwendo wa mtu. Nilivuta breki ya mkono mapema, kama nilivyopanga. Lakini barabara pale huteremka kidogo, jambo ambalo kwa miguu hulioni. Gari lilipunguza mwendo, likafikiri, likaendelea. Tulipita mbele ya benchi, mita mbili kutoka kwa shefu, mama akiangalia mbele bila kugeuza shingo.

"Mbona hausimame?" alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Haitaki."

"Basi zunguka."

Nikazunguka mtaa. Watu walikuwa wametoka nje. Mwanamke akiendesha, na gari lenyewe likinukia mboga: wengine walitukimbilia, wengine walipiga vigelegele. Mara ya pili nilivuta breki mapema zaidi, na bado tukapita. Shefu alipiga hatua barabarani, akarudi. Nilimsikia dereva wa kamyo akiuliza, "Shefu, ni ile motokari yenye haitembee?" na jandarme akacheka mdomo umejaa mkate wa mwenzake.

Mpaka leo wako watu Kamalondo wanaosema tulizunguka mara mbili kwa dharau. Sijawahi kuwakatalia.

Mara ya tatu shefu alisimama katikati ya barabara na mkono juu. Nilivuta breki kwa mikono yote miwili, nikapandisha gurudumu moja kwenye mchanga wa kando. Gari lilisimama. Kati ya pua yake na magoti ya shefu ungeweza kuweka kitabu, kama si kinene. Msalaba wa chaki ulikuwa mbele yake juu ya boneti, ukitetemeka pamoja na injini.

Mama alishusha kioo.

"Yambo, Shefu. Miye siyaenda fasi, niko hapa. Unaniona?"

Moshi ulikuwa umemzunguka.

"Unaniona ao haunione?"

"Minakuona, Mama."

"Futa."

Aliangalia benchi. Dereva alikuwa ameacha kutafuna. Aliangalia watu waliojaa pande zote mbili, na kati yao yule mwanamke ambaye mume wake alikuwa na kadi, mikono kiunoni. Kama kungekuwa na mtu mmoja wa kucheka upande wake, nadhani angecheka naye. Alitoa leso.

"Ulisema mukono," mama alisema.

Akairudisha leso mfukoni. Akafuta kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na boneti ilikuwa ya moto, kwa hiyo alifanya haraka. Ndipo injini ikakohoa, ikapiga mlio mmoja wa mwisho, ikazimika.

Shefu alinyoosha mgongo polepole, na uso wake ukaanza kurudi.

"Aah. Inaonekana haitembee tena."

"Imechoka," mama alisema. "Hata weye, ukitembea hivi, unachoka. Banakuita kitu cha kuachwa?"

Dereva wa kamyo alisimama, akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, nikuvute tu mupaka kwako? Chain iko."

"Ile chain isiguse motokari yangu."

Nilishuka. Mikono ilijua kazi. Nilifungua boneti, nikatoa plagi ya kwanza, nikamwonyesha dereva, kwa sababu alikuwa amesogea na alikuwa mtu wa kazi. Unaona huu utando mwekundu? Ni mawese yaliyobaki, moto umeyachoma juu ya plagi, cheche haipiti. Unafuta hivi, kwa pindo la gauni. Unakwaruza hapa katikati kwa kipini cha nywele. Unarudisha. Alinishikia ya pili na ya tatu. Ya nne aliisafisha mwenyewe. Shefu alisimama muda wote huo, maana gari lilikuwa mbele ya ofisi yake na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mungwana alifika akihema, amekimbia mitaa mitatu na manivele mkononi.

"Mwalimu, usivute na nguvu!" alipiga kelele kutoka mbali.

Aliizungusha mwenyewe. Ilishika mara ya kwanza.

Saa sita kasoro tulirudisha betri baani. Gari lilikaa bandani bila betri na bila mkanda, kwa kuwa mkanda niliurudisha kwenye cherehani siku hiyo hiyo, nilikuwa na sare za wasichana za kumaliza. Halikutembea tena mpaka baba aliporudi, baada ya kujitenga kwisha. Lakini hakuna aliyekuja kulichora, na mlango wa nyumba yetu haukupata chaki. Baba alipofungua plagi na kunusa, aliniangalia mimi, kisha mama.

"Ulisema mafuta," mama alimwambia, kabla hajafungua mdomo.